Macho Niliyoyafumba

Macho ndiyo ya kwanza. Kabla kidevu hakijafungwa kitambaa, kabla viungo havijanyooshwa, kabla mtu hajatumwa msikitini kupeleka tanzia, macho hufumbwa. Unaweka kiganja juu ya paji, unakiteremsha pole pole, kisha vidole viwili vinabaki juu ya kope mpaka zikubali. Mwanzoni hutii. Ukichelewa huwa na ukaidi wake, na jamaa wakija kuaga humkuta mpendwa wao anawakodolea. Nimeosha maiti wa kike hapa Mji wa Kale, Mombasa, kwa miaka 28. Nyuso nimezisahau nyingi, Mungu anisamehe. Kope sijazisahau.

Kwa hiyo mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu anayesomea udaktari wa macho Nairobi, aliponijia baada ya Idi na kukaa mkekani ilhali kiti kipo, nilijua ana neno zito. Nikammiminia kahawa. Akainywa mpaka machicha, hajalisema.

"Shangazi, usinione sina adabu."

"Sema, baba."

"Wanaotafiti maradhi ya upofu wanahitaji macho ya waliokufa. Si ya kumshonea mtu mwingine tu, ni ya kusomea. Na najua hapa mtaani wewe ndiye utakayeulizwa kama yafaa au hayafai, hata kabla ya shehe. Nataka kujua utajibu nini."

Nilimwambia anipe muda. Imepita miezi saba, na muda wote huo sikuweza kulifikiri swali lake bila kumfikiri mamangu.

Mama alikuwa mwosha kabla yangu; yeye ndiye aliyenifunza. Alianza kugonga vya pembeni: mwimo wa mlango, birika, mtoto anayetambaa. Akisema watu siku hizi wanamtokea ghafla kama majini. Lakini msahafu akiusoma vizuri, hata irabu akiziona, kwa hiyo hakuna aliyeshuku. Tulimpeleka kliniki moja akapewa miwani. Mwaka wa pili akapewa miwani mingine, na wa tatu mingine tena. Katika miaka hiyo mitatu hakuna aliyempima presha ya jicho, kipimo ambacho mpwa wangu ananiambia ni cha dakika chache. Alipokuja kupimwa mahali pengine, jicho la kulia lilikuwa limekwisha, na la kushoto limebakiwa na nuru ya kuchungulia tundu la ufunguo. Daktari akasema glakoma. Sisi tunaiita presha ya macho. Akatueleza kwamba kilichokufa hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Na kilichobaki hakikudumu.

Aliishi gizani miaka 11, na bado akija kuosha. Akikaa upande wa kichwa akimimina maji, na kwa mlio wa maji yakianguka kwenye ufuo chini ya kitanda akijua nimeruka kwapa. "Rudi hapo," akisema, nami nikirudi. Siku moja tulipokuwa tunakunja vitambaa aliniambia, "Haya macho yangu, mwanangu, hata kunguru hayataki." Niliyafumba mwenyewe, alfajiri ya Ijumaa. Yalikuwa mepesi kufumba, kana kwamba yalikwisha kuzoea.

Maneno yale ya kunguru ndiyo yaliyonikaa rohoni mpwa wangu alipokuwa akinieleza. Alitaka nijue kwa nini watafiti hawatosheki na panya. Akaingia jikoni, akarudi na chekeche langu la unga, akachukua na nyuzi kwenye kikapu changu cha kushonea. Nyuma ya jicho, akasema, nyuzi za mshipa wa kuonea hukusanyika pahali pamoja zitoke kwenda kwenye ubongo, nazo ni zaidi ya milioni 1. Njiani hupita katika kibati cha nyama ngumu kilichotobolewa matundu, mfano wa chekeche hili. Presha ikiwa kubwa kuliko jicho linavyoweza kustahimili, chekeche hupinda, nyuzi hubanwa na kuanza kufa, na mtu hupoteza pembeni kwanza. Akazivuta nyuzi zangu kwenye matundu, akalikunja chekeche kidogo, nikaona uzi mwekundu ukikatika. Panya hana chekeche la namna hii. Wala hana makula, ile nukta ya katikati ya retina ambayo mtu husomea na kutambulia uso wa mwanawe, na ambayo kwa wazee wengi duniani ndiyo inayoharibika. Ukimsoma panya maisha yako yote, hapo hutafika.

Akaniambia na hili: glakoma huwapata watu weusi mapema zaidi, na huwala kwa ukali zaidi, lakini macho mengi yanayofika kwenye maabara ni ya watu wa asili ya Ulaya.

Nikamuuliza, "Na jicho kama la bibi yako lina faida gani? Si limekufa?"

"Shangazi, hilo hasa ndilo linalotafutwa."

Kwa kushonea, wanataka konea, kioo cha mbele cha jicho, kiwe safi. Kwa utafiti, jicho lililougua ndilo lenye habari. Wanataka kujua nyuzi zilianza kufa upande gani, maji ya ndani yalizibiwa wapi, na matone aliyotiwa mgonjwa yaligusa nini na yakaacha nini. Jicho la mzima huonyesha jicho linavyotakiwa kuwa. La kipofu lina kumbukumbu ya yote yaliyolipata. Tangu miaka ya 1980 watafiti wanaweza kuichukua nusu ya mbele ya jicho la marehemu na kupitisha maji ndani yake kwa wiki mbili tatu, tishu zikiwa hai, wakapima yanavyotoka na yanavyokwama. Nilifikiri juu ya hayo maji usiku kucha. Mimi nilidhani maji yangu ndiyo ya mwisho.

Lakini pingamizi ni zito, na anayelipuuza hajawahi kusimama mbele ya jeneza. Ipo hadithi waliyoipokea Abu Daud na Ibn Majah inayolinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuvunja mfupa wa aliye hai. Sisi waosha tumelelewa juu yake. Ndiyo sababu maji yanakuwa vuguvugu, si ya moto wala ya baridi. Ndiyo sababu tunamgeuza mtu kama mtoto aliyelala. Kisha kuna hoja ya amana: mwili si mali yangu, nimeazimwa, nitausiaje cha kuazima? Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan alisimama hapo na hakukubali viungo vya binadamu vihamishwe. Nayaheshimu maneno yake, na nawajua mashehe wetu wa pwani wanaoyaheshimu.

Wengine waliliona vingine. Baraza la Fiqhi la Makka, mwaka 1987, liliruhusu maiti kupasuliwa kwa ajili ya kujua maradhi na kufundishia udaktari, kwa masharti. Mwaka uliofuata, Februari 1988, Jopo la Fiqhi la Jeddah likaruhusu kiungo cha maiti kihamishiwe kwa aliye hai ambaye uhai wake, au kazi ya msingi ya mwili wake, inakitegemea, ikiwa marehemu aliridhia au warithi wake wameridhia. Niliyasoma masharti ya Makka mara tatu. Idhini iwepo. Kisipasuliwe ila kinachohitajika, maiti asichezewe. Maiti wa kike ashughulikiwe na madaktari wa kike maadamu wapo. Na viungo vyote vilivyopasuliwa vizikwe. Nilistaajabu. Yameandikwa na wanazuoni wakubwa, lakini ni masharti ambayo mwosha yeyote wa Mji wa Kale angeyataja bila kuangalia kitabu.

Na hapa nina neno la mikono yangu, ambalo sijaona wengi wakilisema. Watu hudhani maiti wetu anazikwa hajaguswa. Ameguswa sana. Tunamkalisha nusu, tunaminya tumbo kwa upole litoke la kutoka, tunamsafisha meno kwa kitambaa, tunamfumua nywele na kumsuka, tunamtia pamba na karafuu maiti. Akiwa amekufa kwa ajali tunamshona au tunamfunga. Akiwa ameungua tunammiminia maji tu. Heshima yake haimo katika kutoguswa. Imo katika nani anayemgusa, kwa nia gani, na nini kinasemwa baadaye. Mwosha akiona kovu au alama yoyote, inaishia chini ya kile kitanda. Nimeona maiti wasioguswa na kisu chochote wakavunjiwa heshima kwa ulimi wa mwosha mmoja. Kwa hiyo mtu akiniambia jicho litatolewa na mtu mwenye ujuzi, tundu lijazwe, kope zirudishwe, uso ubaki kama ulivyokuwa, siwezi kumjibu kwamba hilo peke yake ni kumvunjia heshima. Nitamuuliza kwanza hao watu wana adabu gani.

Kilichonisumbua zaidi hakikuwa kisu, kilikuwa nuru.

Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa Moran Eye Center ya Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, pamoja na wenzao wa Scripps Research. Walichukua macho ya watu waliokufa, wakayapa oksijeni na virutubisho, wakamulika. Seli za makula zikaitikia nuru, hata kwenye macho yaliyotolewa saa 5 baada ya mauti. Na yale waliyoyapata chini ya dakika 20, seli zake zilianza tena kupashana habari kama za mtu aliye hai. Mpwa wangu alinisomea kwenye simu yake, kwa furaha ya kijana. Mimi nilinyamaza. Saa 5! Katika saa 5 mimi nimeshaosha, nimeshakafini, mara nyingine jeneza limeshatoka na wanaume wanarudi kutoka makaburini. Nilikuwa nikifumba nini miaka yote hiyo?

Na ipo habari katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia kwa Abu Salama akamkuta macho yamebaki wazi, akayafumba, akaeleza kwamba roho inapochukuliwa macho huifuata. Hiyo ndiyo asili ya kazi ya vidole vyangu. Sasa kama kuona kumekwenda na roho, ni kitu gani kilichoitikia taa kule Utah?

Nimelizungusha swali hili nikiwa jikoni, nikiwa kwenye matatu, nikiwa juu ya mswala ambapo sikutakiwa kulifikiri. Nilipofika ni hapa. Mlango wa nyumba iliyohamwa, ukiubisha unatoa mlio ule ule. Mbao ni zile zile, bawaba zile zile, pete ya shaba ile ile. Lakini hakuna anayesema karibu. Seli iliyoitikia taa ni mlango uliobishwa. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba maiti aliona; kuona kunataka ubongo, na zaidi ya ubongo kunataka mwenyewe. Kwa hiyo ile habari ya Abu Salama haikutikiswa kwangu. Kilichotikisika ni haraka yangu. Tangu siku ile, nikishafumba macho, vidole vyangu hukaa juu ya kope kidogo zaidi ya nilivyozoea. Sijui kama ni sunna. Ni huruma tu kwa mlango ambao bado mzima.

Linabaki sharti la kuzikwa, na hili ndilo gumu kwa utafiti kuliko kwa kushona. Konea iliyoshonwa itazikwa siku moja, pamoja na aliyeshonewa. Jicho la maabara hukatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, likatiwa rangi, likabanwa kwenye vioo, au likatenganishwa seli moja moja. Utazika nini? Mpwa wangu hakuwa na jibu, na nilimpenda kwa kutojifanya analo.

Nilianza na tunayoyajua. Zalio la mtoto tunalizika. Nywele zinazotoka kwenye kichana cha maiti tunazirudisha ndani ya sanda. Watu wa makamo ya bibi yangu walikuwa wakifukia hata kucha. Ni desturi njema, ina maana ya kwamba hakuna sehemu ya mtu iliyo takataka. Lakini babu yangu, baba wa babangu, alipotea na jahazi njia ya Lamu, na hakuna kiganja kilichomfumba macho. Walimsalia ghaibu. Hakuna katika ukoo wetu aliyewahi kusema kwamba Mola atashindwa kumkusanya kwa sababu samaki walimgawana. Basi kipande cha jicho kwenye kioo, chenye namba, kabatini, hakimshindi. Ila tofauti ipo: bahari haikuomba ruhusa wala haina adabu ya kudaiwa, na maabara inayo. Nami nataka itimizwe: kazi ikiisha, kilichobaki kisitupwe na glavu na sindano. Kikusanywe, kizikwe. Mtu asiyeweza kuniahidi hilo asije kwangu.

Sisi tunaamini kwamba siku ya kusimama viungo vitasema. Masikio, macho na ngozi vitatoa ushahidi, na mwenyewe atastaajabu. Nimelisikia hilo tangu chuoni, na siku zote likinitia hofu: jicho langu litasema nilitazama nini. Sikuwahi kufikiri kwamba jicho linaweza kuwa na ushahidi wa upande mwingine, wa lilivyodhulumiwa. Jicho la mama lilikufa kwa miaka, uzi baada ya uzi, huku watu wakilivalisha miwani. Lilijua lilichouawa nacho. Nami nikalifumba, likaenda na ushahidi wake kwenye mwanandani, na mtoto wa jirani yetu, mwalimu wa miaka 40, sasa ameanza kugonga milango. Mama alisema hata kunguru hayataki. Hakuna aliyemwambia kwamba kipofu ana macho ya kutoa. Hilo ndilo ninalolijutia. Laiti ningeweza kumpa habari hiyo, hata kama angekataa.

Najua mtu atasema, kumpa mtu konea ni sadaka inayoonekana. Abdul Sattar Edhi alipofariki Karachi, Julai 2016, aliacha wasia wa kutoa viungo vyake. Kwa ugonjwa na uzee macho tu ndiyo yaliyofaa, na watu wawili wakaona. Mwislamu gani atamsema Edhi vibaya? Utafiti hauna mtu wa kufunguliwa bandeji. Jicho langu laweza kukatwa vipande 300 na kusiwe na kilichogunduliwa. Lakini mtaani kwetu pana visima vya wakfu vya kale, na aliyevichimba hakujua nani atakayetia ndoo. Hakungoja kumjua.

Na kuna jambo la haki. Konea nyingi zinazoshonwa huku kwetu zimetoka ng'ambo. Pakistan, kwa miaka mingi, imepokea maelfu ya konea kutoka Sri Lanka, alizotoa Mbudha akiamini anatenda jema, zikaingia kwenye macho ya Waislamu. Matone aliyotiwa mama yalijaribiwa kwanza kwa miili ya watu wengine. Tumepokea. Mkono unaopokea tu, nao una hesabu yake.

Pamoja na hayo, nina ukali wangu. Asichukuliwe jicho maiti asiye na jamaa kwa sababu tu hana wa kumtetea. Huko New York, kabla ya benki ya macho kuanzishwa mwaka 1944, Dokta Townley Paton alikuwa akipata macho ya wafungwa waliouawa kwa umeme katika gereza la Sing Sing. Hata kama walitia sahihi, mimi ninayeosha najiuliza mtu aliyengoja kufa alikuwa na uhuru kiasi gani wa kukataa. Jicho lisiuzwe, wala mazishi yasilipiwe ili watoto waridhie. Mjane asiulizwe wakati maiti bado yumo ndani na watu wanalia. Aulizwe mwenyewe, akiwa mzima, akiwa amekaa, kahawa iko mbele yake, kama mpwa wangu alivyoniuliza.

Nami nimejibu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu kutoa tishu zake baada ya kufa, hata kwa utafiti, kwa karatasi aliyoitia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Nimeiandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili. Macho yote mawili, kwa utafiti wa presha ya macho. Atoe mwanamke. Nisicheleweshwe kuzikwa kwa ajili yake. Wasipofika kwa wakati, nizikwe nayo. Mabaki yazikwe. Kaka yangu hakupendezwa. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaja akatia sahihi, akasema anafanya hivyo kwa ajili ya mama.

Shahidi wa pili nilimtaka awe mwenzangu tunayeosha pamoja, kwa sababu yeye ndiye atakayeniosha nikitangulia. Aliisoma karatasi yote, akavua miwani.

"Sasa macho nikufumbe kabla hawajaja, au niwaachie?"

"Nifumbe kwanza. Wao watayafumbua, na wakimaliza watayafumba tena."

"Na wewe unawaamini?"

"Ndiyo maana nataka uwepo."

Alishika kalamu, akaiweka chini. Akasema anakwenda kuswali Isha, atafikiri. Karatasi nimeirudisha kabatini, juu ya sanda yangu niliyoletewa kutoka Makka, na kalamu nimeiacha pale pale.